Divai ya Misa, Divai ya Watu

Mimi divai siipendi. Niliionja mara moja kwenye harusi ya watu, ikanikwaruza koo, nikarudi kwenye soda yangu. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba siku ile nilikaa alasiri nzima mbele ya chupa mbili za divai nyeupe kwa sababu ya hamu. Nilikaa kwa sababu ya hasira. Na nilikaa peke yangu, ingawa nyumba ilikuwa na watu, na kila mmoja wao alijua vizuri sana nifungue ipi.

Jioni ile baba wa mtoto wangu alikuwa anakuja kutoka Manono, yeye na kaka yake mkubwa. Chupa moja ilipaswa kufunguliwa mbele yao. Moja tu. Na hiyo moja ndiyo ingesema mtoto wangu ni wa nani.

Najua inasikika kama upumbavu. Nimesoma, diploma yangu ya sekondari iko chini ya godoro ndani ya plastiki, na najua chupa haina akili. Lakini ukizaliwa hapa Kalemie, kwenye familia iliyokaa pembeni ya ziwa tangu zamani, kuna mambo ambayo diploma haiyaondoi. Unaweza kuyachukia. Kuyaondoa ni kazi nyingine.

Nianze na ile chupa ya zamani.

Iliingia kwetu nikiwa na tumbo ambalo halifichiki tena. Wakati ule baba wa mtoto alikuwa anafanya kazi bandarini, anapakua sementi kwenye mabwato, meli za mizigo za Kigoma. Alitaka kuja kujijulisha kwetu kama mwanaume kamili, si na kreti ya bia peke yake kama vijana wanavyofanya siku hizi. Akamwomba baharia amletee divai nzuri, ya chupa nzito. Baharia akamletea divai nyeupe. Kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya zabibu, na nyuma ya zabibu picha ya mnara wa kanisa.

Huo mnara ndio uliotuua.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ni katekista. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, lakini hata angekuwa hai, kwetu sisi neno juu ya mtoto ni la mjomba, kwa sababu mtoto ni wa tumbo lililomzaa. Kwao baba wa mtoto, Waluba wa Manono, mtoto ni wa baba. Sisi tunaona wao wamepotoka na wao wanaona sisi tumepotoka, na tunaoana hivyo hivyo kila mwaka.

Siku ya kujijulisha alikuja na wazee wawili wa kwao wanaoishi hapa mjini. Mimi nilikuwa jikoni, maana msichana hakai sebuleni mpaka aitwe. Mlango wa jikoni kwetu haufungi vizuri tangu maji ya ziwa yalipopanda na kuuvimbisha, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Nilimsikia mzee mmoja akisema maneno yake mazuri, kisha nikasikia chupa ikiwekwa mezani, kisha mjomba akauliza:

"Hii mumeitoa wapi?"

"Kwenye bwato ya Kigoma, Papa."

"Hii ni divai ya misa."

"Ni divai tu, Papa. Ni nyeupe."

"Njo nakuambia! Nyeupe njo ya misa. Nyekundu njo ya watu. Mimi nimesimama pembeni ya altare tangu nikiwa kijana, sijaonaka padri anamimina nyekundu."

Na hapo mjomba hakudanganya. Mapadri wetu wote aliowatumikia walitumia nyeupe, eti nyekundu inachafua vitambaa vya altare na masista wanachoka kufua. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo niliamini damu ya Yesu ina rangi ya chai iliyozidishwa maji. Kwa hiyo mjomba aliishika ile chupa kwa mikono miwili, akaifunika kitambaa, akaifungia kabatini kwa ufunguo. Akasema kabla mdomo wa mtu haujaigusa, yeye atamuuliza padri. Alikuwa anaiheshimu. Alifikiri anawaheshimu na wao. Halafu akafungua bia, wakanywa, wakacheka sana, nikasikia hata mzee mmoja akiimba.

Sasa kuna jambo moja ambalo kwetu na kwao linafanana. Kinywaji cha kujijulisha kikishawekwa mezani, msichana anaitwa, anasimama mbele ya watu na kilauri mkononi, anaulizwa: tunywe? Akisema tunywe, amekubali. Akinyamaza, watu wanabeba kinywaji chao wanaenda. Ni swali moja tu. Katika mambo yote yanayofanywa juu ya kichwa cha msichana, ndilo swali pekee analoulizwa yeye.

Nilikuwa nimeosha vilauri. Nilikuwa nimevifuta na kitambaa kipya na kuvipanga kwenye sinia. Nilisimama na lile sinia, tumbo limegusa ukingo wa beseni, miguu imevimba, nangoja kuitwa. Nilisikia viti vikisogezwa. Nikasikia kwaherini. Nikasikia geti.

Hakuna aliyeniita.

Njiani, nilikuja kusikia baadaye, wale wazee wakamweleza: bia ni ya kiu, bia hata ukimpa adui yako anakunywa. Neno liko ndani ya ile chupa nyingine. Chupa wameifungia kabatini mbele ya macho yako, na msichana hawakumwita. Wamekukataa, ila wamekukataa kwa adabu. Naye akaamini.

Jumapili mjomba akamuuliza padri. Padri alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia, Papa katekista, divai si ya misa mpaka isomewe misa, nendeni mkanywe kwa amani. Mjomba alirudi nyumbani mbio, anatabasamu, ufunguo wa kabati mkononi. Lakini mwenye chupa alikuwa ameshapanda kamiyo, lori la mizigo. Wakati ule kila kijana alikuwa anakimbilia Manono, kwenye mawe ya madini. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Watu wakisikia habari hii wanacheka. Katekista na divai! Hata mimi ningecheka kama ingekuwa ya mwingine. Lakini mniambie: mtu mzima, mwenye simu, mwenye miguu, mwenye mdomo, anashindwaje kurudi hata mara moja kuuliza kwa nini? Mjomba alikosea chupa. Yeye aliona mlango umebaki wazi kidogo, akapita. Tofauti hiyo naijua mimi, na siisamehi.

Nikazaa. Msichana. Mtaani kuna jina la mtu kama mimi, Kifaransa kilichochoka: fiyemere. Unakuwa mama kabla hujawa kitu kingine chochote. Kwaya ikaniondoa. Komunyo sipokei, nabaki kwenye benchi wakati wengine wanapanda, na kila anayepita mbele yangu anakunja sketi ili isiniguse, kwa upole, na upole huo ndio unaochoma. Mama yangu alikuwa anakaa mbele pamoja na wamama wenzake wenye sare. Hakuna aliyemfukuza. Alihama mwenyewe, akaenda kukaa nyuma karibu na mlango.

Asubuhi nauza chai na mikate pembeni ya stesheni. Mtoto akalia, akakaa, akatembea, sasa anakimbia na kujibu watu vibaya. Yote hayo niliyaona peke yangu. Sisemi hakukuwa na watu. Nasema mtoto alipotoa neno lake la kwanza, niligeuka kumwangalia mtu, na upande ule palikuwa ukuta.

Basi. Siku mbili kabla ya jioni ile ndipo akaja dada wa baba wa mtoto. Huyu wifi anauza vitenge sokoni, ni mtu wa poda nyingi na maneno mazuri. Alikuja na chupa imefungwa ndani ya kitenge, akaiweka mezani kama anaweka mtoto.

"Wifi, mudogo wangu anakuja kumaliza mambo. Amepata kazi ya kweli sasa, na kofia ya plastiki kichwani. Hii ametuma kupitia Lubumbashi. Si ya kanisa, musiogope!" Akacheka, akampiga mjomba begani. "Haina hata kizibo. Unazungusha tu, krak, unakunywa."

"Kwa nini nyeupe tena?" nikauliza.

"Alisema safari hii lazima muinywe ile ile rangi muliyoikataa."

"Hatukuikataa."

"Njo hivyo, wifi, ni masemi tu, maneno ya mudomo." Akatazama huku na huku. "Ile ya kwanza muliinywa mwishoni, ao muliiuza?"

Mjomba alisimama, akafungua kabati. Kabati letu limeinuliwa juu ya matofali tangu ule mwaka wa maji, kwa hiyo ilibidi anyooshe mkono. Akaitoa. Ilikuwa na kitambaa kile kile.

Wifi akapiga makofi. "Iko! Mungu wangu, iko! Basi mambo yameisha. Mufungue hiyo, hii mupya tutakunywa siku ya harusi. Tuliituma kwa sababu tulijua ile ilishapotea."

Mama yangu akaanza kulia kwa furaha. Wakakumbatiana. Mimi nilikuwa nawaangalia, sielewi furaha inatoka wapi, mpaka wifi alipoondoka na mjomba akaniita nje, nyuma ya nyumba, tunapoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Mjomba ni mtu wa kusema sana, lakini siku hiyo alisema polepole.

"Sikiliza vizuri. Ukifungua ya zamani, maana yake ulikubali siku ile ile. Tunasema tu tulichelewa kunywa. Basi mutoto alizaliwa ndani ya ndoa. Heshima yako inarudi, ya mama yako inarudi, kwenye benchi unaondoka. Lakini ndoa ni ya kwao, na kwao mutoto ni wa baba. Kesho wakisema tunamubeba, mimi sina mudomo."

"Na mupya?"

"Mupya, tunaanza leo. Ya nyuma hayana ndoa. Mutoto ni wa tumbo, ni wetu, hakuna mutu wa kumugusa bila kuniuliza. Lakini lazima niseme mbele yao kwamba wewe ulizaa bure. Lazima niseme kwa sauti. Njo sheria."

"Wewe unataka ipi, Mujomba?"

Aligeuza ndagala kidogo kwa mkono, kama ni kazi yake.

"Mimi nilishachaguaka mara moja," akasema. "Unaona ilivyotoka."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta mezani na chupa mbili. Ya zamani ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa kama mafuta ya mawese yaliyochujwa. Mpya ilikuwa safi, karibu kama maji. Na asubuhi ile niliporudi kutoka kuuza chai nilikuta pembeni ya chupa ya zamani kuna tirbushoni, kile chuma cha kujikunja cha kuvutia kizibo. Mama alikuwa ameenda kuiazima kwa mpishi wa mgahawa wa bandarini. Hakuniambia kitu. Tirbushoni iliniambia.

"Mama, hii umeiweka ya nini?"

"Divai ya kizibo utaifungua na meno?"

"Sijasema nitafungua ya kizibo."

Alikuwa anachambua maharagwe. Akaacha. "Unajua nimekaa kule mlangoni miaka ngapi? Unajua mvua ikinyesha kule kunaingia maji?"

"Najua, Mama."

"Unajua wananiitaka nani?"

"Mama, ile ni divai. Si sabuni."

"Mudomo wako," akasema. "Huo mudomo wako njo ulimukimbiza."

Hakupandisha sauti. Akarudi kwenye maharagwe. Ningependa anipige, ningejua la kufanya.

Mchana akapiga simu baba wa mtoto mwenyewe. Walikuwa njiani, walikuwa wameshaiacha Nyunzu nyuma, nikasikia injini na upepo na watu wakibishana juu ya kuku. Sauti yake sikuwa nimeisikia kwa siku nyingi. Ni sauti nzuri, niseme ukweli. Moyo wangu, ule mjinga, ulisimama wima kama mtoto wa shule aliyeitwa jina.

"Uko?"

"Niko."

"Dada amenieleza. Ile ya zamani iko. Mufungue hiyo."

"Kwa nini hiyo?"

"Si tumalize? Mimi sikukuacha, ni nyinyi muliifunga. Tukiifungua, ni kama hakuna kilichotokea."

Ni kama hakuna kilichotokea. Niliitafuna hiyo sentensi. Halafu akaongeza, na niseme hili kwa haki: hakuwa ananificha, alikuwa ananipa habari njema, nilisikia anatabasamu.

"Mama anamungoja mutoto. Ameshamununulia kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Cha mutoto. Kiko pale chumbani kwake."

"Na mimi nalala wapi?"

"Wewe utakuja nyuma. Nikipata nyumba. Kule nyumba ni shida, unajua, watu ni wengi. Tunatangulia na mutoto, atazoea kwao, halafu wewe…"

Kuku akapiga kelele, laini ikakatika. Au aliikata, sijui.

Nilienda jikoni nikamwambia mama. Nilifikiri nikishamwambia neno kitanda, ataichukua ile tirbushoni mwenyewe na kuitupa ziwani. Akasema, "Ni bibi yake. Bibi anamulinda mutoto vizuri. Mimi sikukulinda?" Akaendelea kupika. Hapo ndipo nilipojua kwamba niko peke yangu kabisa. Ukiachwa na mwanaume, unabaki na mama. Lakini siku ile sikuona nilichobaki nacho.

Mjini hakukuwa na umeme wa kituo cha Bendera tangu jana yake, ila jirani yetu anayeuza maji baridi ana jenereta na frigo. Nikabeba chupa zote mbili, maana sikutaka mtu ajue ninafikiria nini, nikaenda kumwomba anipozee. Huyu jirani ni mjane, ana mdomo kuliko mimi.

"Divai nyeupe mbili! Leo tunasoma misa kwako ao kwa mujomba?"

"Mama, nipozee tu."

"Niweke na sadaka pembeni?" Akacheka peke yake, akasogeza samaki, akazilaza. Halafu akaniangalia. "Zote mbili?"

Nikazitazama zimelala pembeni ya samaki.

"Mimi sikuulizi," akasema. "Lakini frigo yangu ni ndogo. Moja itapoa vizuri, mbili zitapoa nusu nusu. Na divai ya vuguvugu, wale watu wa Manono watasema tumewapa mukojo."

Nikatoa ya zamani. Nilirudi nayo nyumbani nikiishika shingo, nikiambiwa na kila mtu aliyekaa barazani kwamba leo njo leo. Nikaiweka mahali pake, tirbushoni pembeni. Mama akaona, akafurahi, akaanza kupanga viti. Sikumtoa kwenye furaha hiyo. Sikuwa na nguvu.

Walifika jua likiwa chini, wamejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Yeye alikuwa amenenepa kidogo, viatu vipya. Kaka yake ni mtu mfupi, mpole, alivua kofia hata kabla ya kuingia. Wifi alikuwepo na poda yake. Mtoto wangu aliwatazama wote, akaja kujificha nyuma ya miguu yangu, akashika kitenge changu kwa nguvu karibu anivue mbele ya watu.

"Njoo kwa papa," baba yake akamwambia, amechuchumaa, mikono imefunguliwa.

Mtoto akauliza kwa sauti: "Papa wa nani?"

Wifi akacheka peke yake.

Safari hii niliitwa. Nilitoka jikoni na sinia, vilauri juu yake, na ile mpya baridi katikati, inatoa jasho. Niliiweka mezani karibu na ya zamani. Mama aliitazama, akanitazama. Mjomba alisimama. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili.

"Mwanangu," akasema, "kinywaji cha watu njo hiki. Tunywe?"

Nilidhani nikiulizwa nitalia. Nilishajiandaa kulia tangu siku ya lile sinia la kwanza. Lakini machozi hayakuja. Nikasema:

"Tunywe."

"Ipi?"

Nikaichukua mpya, nikazungusha kifuniko. Kilifanya krak kidogo sana, sauti ya kitu cha bei rahisi. Mama akaweka chini sahani aliyoshika, akatoka nje kupitia jikoni, na mlango ule uliovimba ukakataa kufunga nyuma yake.

"Umekosea chupa," baba wa mtoto akasema.

"Sikukosea."

"Ni ile ingine. Nilikwambia."

"Na mimi nilikusikia. Kitanda nilikisikia."

"Kitanda gani?" kaka yake akauliza, akamgeukia. "Umemwambia nini huyu mutoto wa watu?"

Nikamimina. Nikamwaga kidogo mezani, nikaendelea. Nikaonja kwanza mimi, kama desturi inavyotaka. Ilikuwa chachu na baridi na sikuipenda.

Mjomba akasema maneno yake. Aliyasema wima, na aliyasema yote, hakuniruka wala kunipunguzia.

"Watu wa Manono, karibuni. Leo njo siku ya kwanza. Nyuma ya leo hapakuwa na ndoa. Huyu binti wetu alizaa nyumbani kwao, bila bwana, alizaa bure. Na mutoto aliye ndani ya hii nyumba ni wa hii nyumba. Mukimutaka mama yake, tuongee. Mutoto hatuongei."

Alizaa bure. Nilijua linakuja, nililichagua mwenyewe, na bado liliniingia kama maji ya baridi kwenye nguo. Majirani walikuwa barazani, wamenyamaza ili wasikie vizuri. Kesho lingekuwa sokoni. Jumapili lingekuwa kanisani kabla yangu. Niliendelea kusimama na sinia tupu, nikatazama ukuta.

Kaka mkubwa alichukua kilauri chake, akanywa chote, polepole, kama mtu anayemaliza dawa. Akakirudisha kwenye sinia langu.

"Tumesikia, Papa," akasema. "Umesema kweli."

Mdogo wake alishika chake. Alikiangalia kwa muda. Mimi nilikuwa namwangalia yeye, na niseme wazi, nilikuwa nangoja. Pamoja na hasira zote, kama angekunywa, ningelala usiku ule nikijua kuna mtu ameanza upya na mimi. Angeweza kunywa. Divai ilikuwa yake, aliinunua yeye.

Akakiweka mezani kimejaa.

"Mimi sikuja kuanza," akasema. "Nilikuja kumaliza."

"Basi umemaliza," nikamwambia.

Wifi akafunga kitenge chake. Waliondoka bila kula maharagwe. Mjomba akachukua ile ya zamani, akaiweka kwapani, akaenda zake kwa mguu upande wa kapela, kanisa letu dogo, na mpaka leo sijamuuliza ameipeleka wapi. Kaka mkubwa alirudi kesho yake asubuhi kunywa chai pale stesheni, akalipa na kuaga vizuri, akaniita shemeji, akaomba radhi kwa jambo ambalo hakulitaja. Mdogo wake hakuwa naye. Nilisikia yuko Manono tena. Simu yake inaita, haipokelewi.

Mama aliacha kuongea na mimi kwa muda mrefu. Siku hizi anasema tu "chumvi" na "mvua" na "mtoto ameamka", na mimi najibu. Bado anakaa kule mlangoni kanisani. Mimi nakaa pembeni yake. Hatujawahi kukaa karibu namna hiyo, na hatujawahi kuwa mbali namna hiyo.

Lakini jioni ile ile, walipoondoka, nilibaki na vilauri. Kile kilichojaa sikukinywa, nilikimwaga nje, kuku wa jirani wakaja kuangalia. Nikaosha, nikafuta meza. Mtoto alikuwa ameshapanda kitandani kwetu, amelala katikati na miguu imetawanyika kama mwenye nyumba, ila macho yalikuwa wazi.

"Yule papa wa viatu ameenda?"

"Ameenda."

"Alisema kule kwao kuna kitanda changu."

Sikujua kwamba alimwambia. Alimwambia saa ngapi? Nilikuwa jikoni. Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ni kikubwa?" akauliza.

"Sijakiona."

"Na mimi nalala wapi sasa?"

"Hapa."

"Na wewe?"

"Hapa. Sogea ukutani."